Mpaka wa Mikorosho

"Usiandike kwanza, mwanangu, ngoja ninawe uso," Esha alisema, akashusha mgongoni mashine ya kupulizia. Alikuwa wa njano mpaka kwenye kope. Tangu alfajiri alikuwa anapuliza salfa, maana mikorosho ilishatoa maua na ugonjwa wa ubwiriunga haujui kama leo kuna wageni wa serikali.

Afisa ardhi, binti mmoja aitwaye Loveness, alicheka akafunika kalamu yake. Alivaa fulana ya mradi yenye picha ya mwanamke aliyeinua hati juu kama kombe la mpira. Wiki nzima alikuwa anazunguka Chiungutwa na kipaza sauti, akiwaambia akina mama kwamba safari hii mashamba yatapimwa bure, na hati za kimila zitatoka kwa majina yao wenyewe. Esha aliyasikia hayo akiwa anamenya mihogo. Alisimama na kisu mkononi mpaka gari likapita.

Shamba hili lilikuwa la mama yake, na kabla ya hapo la bibi yake. Kwa Wamakua wa huku ardhi hutoka kwa mama kwenda kwa binti, wala hakuna aliyewahi kuhitaji karatasi kulijua hilo. Lakini siku hizi watu wanakuja na karatasi, na asiye nayo hubaki kusimulia. Esha alitaka yake iwe na jina moja, lake, ili akifa shamba liende kwa Rukaiya, bintiye wa pekee, ambaye sasa alikuwa amesimama kando yake na mimba ya miezi saba. Hakutaka kingine.

Basi ikaja bodaboda, na juu yake Hamudi.

Alishuka taratibu, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Huyu ndiye mumewe. Miaka minane iliyopita alipanda Newala kutazama biashara, na mpaka leo alikuwa bado anaitazama. Ilikuwa na duka la vitenge, na ilishamzalia watoto watatu. Talaka hakutoa. Hakutoa chochote.

"Shikamoo, baba," Rukaiya alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

"Nina mimba, baba."

Wajumbe wa kamati ya uhakiki walitazama chini wote kwa pamoja. Mwenyekiti wao, mzee Cuthbert, mwalimu mstaafu aliyekuwa ametembea kwenye mipaka ya kijiji kizima, alijikohoza kikohozi kisichokuwa na mafua.

"Nimesikia mnapima," Hamudi akasema. "Nikaona si vizuri nikose. Mikorosho yote hii nimeipanda mimi, kwa mikono hii. Mzee Cuthbert ni shahidi."

"Uliipanda," mzee alikubali. "Hilo kweli."

Loveness alimgeukia Esha. "Mama, huyu ni mume wako wa ndoa?"

"Ni wa ndoa. Ila alishaondoka."

"Talaka?"

"Haijatoka."

Binti alishusha pumzi. "Basi nitaandika majina yote mawili. Ndivyo sera ilivyo, mama. Wanandoa wanaandikwa pamoja. Imewekwa hivyo kuwalinda nyinyi akina mama, wanaume wasijiandikishe peke yao."

"Na hapa anayelindwa ni nani?"

Loveness alizungusha kalamu vidoleni. "Sheria haiwezi kumtazama mtu mmoja mmoja," alisema kwa upole.

"Nikienda kudai talaka?"

"Tunamaliza Chiungutwa leo. Kesho tuko Lisekese."

Hasira ilimpanda Esha mpaka masikio yakavuma, na kilichomwumiza zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumkasirikia. Sheria ilikuwa nzuri. Kwenye mkutano wa kijiji yeye mwenyewe aliipigia makofi na vigelegele, akimfikiria jirani yake Kibibi, ambaye mumewe aliliuza shamba lake, yeye Kibibi akiwa amelazwa hospitali. Na kweli Kibibi angefaidika. Yeye, Esha, angekufa, na watoto wa duka la vitenge wangekuja na nakala ya hati kugawana na Rukaiya.

"Mwenye shamba aongoze, tuzunguke mipaka," mzee Cuthbert alitangaza.

Hamudi alitangulia kabla mtu hajamtazama Esha. Loveness akafuata na kifaa chake cha kupimia, kisha wajumbe, kisha majirani. Esha na Rukaiya walikuwa nyuma kabisa, kama watu wanaosindikiza msiba wa mbali.

Hamudi alitembea kwa kujiamini, akigusa mashina. Mti huu aliupanda mwaka wa njaa, ule uliliwa na mchwa akaupanda upya. Hakusema ni nani aliyepogolea matawi miaka minane, ni nani aliyefyeka na kufagia chini yake, ni nani mapafu yake yamejaa salfa. Upande wa barabara hakukosea, upande wa kaskazini hakukosea. Akafika safu ya mwisho ya mikorosho, upande wa mashariki, na hapo akakata kulia.

Esha alisimama.

Shamba halikuishia pale. Nyuma ya ile safu kulikuwa na vichaka, ekari tatu zinazoshuka hadi korongoni, ambako mama yake alikuwa akilima mihogo na njugumawe. Mama alikuwa amelala huko huko, kando ya bibi. Hamudi angejuaje? Mkwe hatembezwi mipakani, si desturi yao. Mama yake Esha alimwonyesha tu pa kupanda, naye akapanda. Kwake shamba lilikuwa miti yake. Mama alipofariki, Hamudi alishapata miaka miwili Newala. Alituma salamu kwamba mvua imeharibu barabara.

"Mama, baba ameacha..." Rukaiya alianza.

Esha alimkamata mkono, akaubana.

Mbele, Loveness alikuwa ameinua kichwa. "Hapa ndiyo mwisho, baba?"

"Ndiyo mwisho."

"Na kule?"

"Kule vichaka tu. Kule si kwangu."

Mzee Cuthbert aligeuka nyuma, akamtafuta Esha kwa macho. Yeye alikuwepo kwenye mazishi. Alijua mpaka ulipo kama anavyojua nyumba yake. Aliuliza polepole, kama anavyompa mtoto muda wa kufikiri ubaoni: "Mama Rukaiya, wewe unakubali mpaka huu?"

Hapo Esha aliona ekari zake tano za mikorosho zimejipanga mbele yake, maua yake mekundu yakianza kufunguka. Ndizo zilizoezeka bati, ndizo zilizomsomesha Rukaiya. Akisema hapana, Hamudi atarudi hatua ishirini, atazungushwa hadi korongoni, na jina lake litaandikwa juu ya kila kitu, pamoja na mahali alipolala mama. Akisema ndiyo, atakuwa amempa nusu ya jasho lake la miaka minane bila hata kugombana. Alitamani mtu mwingine aulizwe.

"Nakubali," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Nimesema nakubali."

Wakatia sahihi wote wawili juu ya boneti ya gari. Sahihi ya Hamudi ilikuwa kubwa yenye mkia. "Tumeyamaliza kiungwana," alisema, na alikuwa amefurahi kweli. Ubaya wa Hamudi haukuwa ubaya wa kukunja uso. Ulikuwa wa kuamini kwamba alichokisahau yeye kimesahauliwa na wote.

"Binti," Esha alimwambia Loveness, "bado nina shamba moja."

"Liko wapi, mama?"

"Hapo nyuma. Lile la vichaka. Andika jina langu peke yake."

Loveness alitazama fulana yake, kisha kishikwambi chake cha kupimia. "Lakini mama, sera ni ile ile, mume..."

"Mwulize mwenyewe. Amesema mbele ya kamati kwamba kule si kwake."

"Amesema," mzee Cuthbert aliingilia haraka kuliko umri wake. "Mimi nimesikia na wajumbe wamesikia. Nani hakusikia?"

Hamudi alicheka. "Mwandikieni vichaka vyake, jamani. Atafuga nyani."

"Baba, nitaandika kwenye maelezo kwamba huna dai," Loveness alisema, na safari hii alimtazama sana. "Una uhakika?"

"Andika."

Esha ndiye aliyetangulia. Alipita kwenye majani yaliyomfika kiunoni bila kuuliza njia, akataja kona moja moja: jiwe, mninga, korongo, jiwe. Hakuna jirani aliyempinga. Kila alipotaja, mzee Cuthbert aliitikia kwa kichwa. Wakarudi hadi safu ya mikorosho, ambapo Hamudi alikuwa amebaki kivulini.

Loveness alisoma fomu. "Majirani wa kusini na kaskazini wameshaweka dole. Mashariki ni korongo. Jirani wa magharibi ni nani?"

Watu walitazamana, na mjumbe mmoja akaficha kicheko kwenye kofia yake.

"Magharibi ni ile hati ya kwanza," Esha alisema. "Mimi na yeye. Mimi siwezi kuwa jirani yangu."

Kidau cha wino kikapelekwa kivulini. Hamudi alikandamiza dole gumba palipoandikwa jirani, na Loveness akasoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo utaratibu unavyotaka. Kusikia jina lake limewekwa hapo kulimfanya Hamudi ainue uso. Ndipo alipoona, kati ya majani yaliyolazwa na miguu ya watu, matuta mawili yaliyozungushiwa mawe, moja jipya kidogo kuliko jingine.

"Lile jipya la nani?"

"La mama."

"Mama yupi?"

"Aliyekuonyesha pa kupanda."

Hamudi aliwatazama watu mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na jambo la kufanya na viatu vyake. Akatia mkono mfukoni, akatoa kofia, akaivaa bila kuinyoosha.

"Naweza kuingia nimsomee?" aliuliza. "Dua fupi tu."

Alikuwa amesimama chini ya mti wa mwisho, ncha za viatu zikigusa yale majani marefu, hakuvuka. Esha alipita kando yake, akainama kwenye kaburi la mama yake, akaanza kung'oa majani, shina moja baada ya jingine, akiyaweka kando.