Stendi ya Gerson na Mkungu wa Melkizedeki

Ukuta wa sebule ya Bibi Raheli, huko juu Songoro, mlimani Meru, ulijaa picha za watoto wake wote isipokuwa mmoja. Nathanaeli yupo, Prisca yupo, Yona yupo karibu kila fremu, hata mkwe aliyekimbia na pikipiki ya watu yupo. Gerson hakuwepo hata kwa bahati mbaya, kwa sababu Gerson ndiye aliyezipiga zote.

"Mgeni akihesabu hapo ukutani atasema nimezaa watatu," mama yake alimwambia kwenye simu. "Jumapili natimiza miaka themanini. Nataka picha yenye wewe ndani. Usiponipa hiyo, keki yenu mle wenyewe."

Ndiyo maana Ijumaa Gerson alikuwa dukani kwa Sylvanus, Levolosi, Arusha mjini, akitafuta stendi ya kamera. Alishapiga harusi na vipaimara mpaka akachoka wali, na vyote alivipiga kwa mikono mitupu. Stendi aliiona kama mkongojo. Lakini mtu hawezi kushika kamera huku amekaa karibu na mama yake, mbele ya kamera hiyo hiyo.

Sylvanus akamwekea mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa na miguu minene kama ya meza ya bucha. Gerson akaisukuma kwa kiganja, haikujali. Akaitia begani, akazunguka nayo duka, na kabla hajafika mlangoni goti la kushoto likaanza kulalamika.

"Unaipeleka wapi?" Sylvanus akauliza.

"Songoro. Bodaboda inaishia darajani. Kutoka hapo ni tope, mlima na mimi."

"Basi hiyo utaiacha njiani, kaka."

Ya pili ilikuwa nyepesi, ikikunjwa inaingia kwenye begi. Gerson akafunga kamera juu yake, akairefusha miguu mpaka mwisho, akainama akaipuliza kwa mdomo. Kamera ikatikisika.

"Hii ya kuanikia soksi," akasema.

"Ndivyo zilivyo. Nzito inaumiza mgongo, nyepesi inaumiza moyo."

"Upepo wa mlimani unashuka kila mchana, Sylvanus. Mama yangu hataki picha ya watu wenye vichwa viwili viwili."

Sylvanus akainama chini ya kaunta, akatoka na ya tatu. Haikuwa nyepesi kama ile ya soksi, lakini mkono mmoja uliibeba bila kugombana. Chini ya nguzo yake ya kati kulikuwa na ndoano ndogo. Sylvanus akatundika hapo mfuko wa makufuli, kisha akapiga kaunta ngumi. Stendi ikatulia kama mzee wa kanisa.

"Uzito usiubebe. Uukute huko huko, uutundike hapa."

"Huko nitatundika nini?"

"Wewe ni Mmeru, mtu wa migombani, unaniuliza mimi?"

Gerson akacheka, akainunua.

Jumapili, baada ya ibada, akapanda nayo begani akipiga mluzi, na goti halikusema neno. Alipofika akaisimamisha uani, kamera juu yake, akaingia shambani nyuma ya nyumba, akakata mkungu wa ndizi uliokomaa vizuri, akautundika kwenye ndoano kwa kamba. Upepo ulikuwa umeanza kuinamisha migomba. Kamera haikutikisika.

"Leo mpiga picha ameleta mtumishi wake," Yona akasema. "Naye ameshiba kuliko bosi."

"Nyamaza, ufiche hilo tumbo nyuma ya Prisca."

Bibi Raheli alikaa katikati kwa kitenge kipya. Gerson akabonyeza kitufe cha kamera kujipiga yenyewe, taa nyekundu ikaanza kukonyeza, naye akakimbia akakaa miguuni kwa mama yake.

Wakati huo huo mzee Melkizedeki, jirani, akatokea kwenye uzio wa masale. Sasa, katika boma lile, mkungu uliokatwa ukatundikwa uani ni wa mgeni. Hakuna aliyewahi kuutundika kwa sababu nyingine yoyote, na Gerson hakukumbuka kueleza.

"Melkizedeki," Bibi Raheli akaita bila kusogeza kichwa, maana aliambiwa asitikisike, "usipite mikono mitupu. Beba huo mkungu."

Mzee ni mtu mtiifu. Akaenda moja kwa moja, akaufungua, akautia begani. Upepo nao ukaja kama ulikuwa unasubiri ruhusa. Stendi ikainua mguu mmoja. Gerson akaruka, mikono mbele, mdomo wazi, nyuma yake ukoo mzima ukipasuka kwa kicheko. Kamera ikalia *kacha*, ndipo akaidaka.

"Shikamoo, mzee," akasema, bado ameikumbatia.

"Marahaba. Kuna tatizo?"

"Naomba uniazime huo mkungu kidogo."

Melkizedeki akautazama, akamtazama yeye. "Nakuazima. Lakini uurudishe, huu nimepewa."

Picha ya pili ilitoka safi. Wote wamekaa, macho wazi, Gerson kaninginiza tai yake katikati ya kifua sawasawa. Akamwonyesha mama yake kwenye kioo cha kamera.

"Hapo mmekaa kama mnasubiri daktari," Bibi Raheli akasema. "Nionyeshe ile nyingine."

"Ile imeharibika, mama."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Sura ya Gerson ilijaa nusu ya picha, meno yote nje. Nyuma yake mama yake alikuwa amerusha kichwa akicheka, Prisca amemwangukia Nathanaeli, na tumbo la Yona liko wazi mbele ya ulimwengu. Pembeni kabisa kilionekana kichane kimoja cha ndizi kikiondoka.

Bibi Raheli aliitazama mpaka chai ikapoa.

"Hiyo ndiyo ya ukutani," akasema. "Ifanye kubwa. Na sasa leteni hiyo keki."