Ripoti Isiyoenea

Kuna watu hawajui kubakisha. Bwana Brighton, mkuu wa mradi wa mifugo pale Sofu, Kibaha, alitaka ripoti ya vipimo vya ng'ombe wa Marui ioneshe kila kitu: umri, rangi, chanjo, ndama, mpaka mahali anapochungwa. Elina, mtunza takwimu wake, akaitoa kwenye kompyuta, ikagoma kuenea kwenye karatasi moja. Akipunguza herufi, hazisomeki. Akilaza karatasi, bado majibu yanakatwa.

Mwisho akaichapa vipande viwili, kushoto majina, kulia majibu, akaviunga kwa selotepu. Majina yalipaswa kurudiwa kwenye kila karatasi ili msomaji asipotee. Elina hakuyarudia. Nafasi ilibana, na bosi alikuwa mlangoni anahema.

Tena siku hiyo Elina alikuwa na furaha yake. Baba yake alikuwamo kwenye orodha: mzee Magembe, aliyeswaga kundi zima kutoka Usukumani, na sasa amebakiwa na ng'ombe mmoja, Kabula, aliyeachwa na marehemu mama yake Elina. Wafugaji wengine aliwaandika majina mawili mawili. Baba yake alimwandika yote mpaka la babu, na jina la ng'ombe mwishoni. Mtoto gani amkate baba yake jina?

Jina hilo refu likavunjika mistari miwili. Kabula akashuka mstari wa chini, akatazamana na jibu la ng'ombe wa jirani yao, mama Sikudhani, na wote waliofuata wakasogea. Ng'ombe wa Sikudhani ndiye aliyekuwa na ugonjwa wa kutupa mimba, ule unaompata hata binadamu kwa maziwa mabichi. Jibu lake lilikuwa: achinjwe, afukiwe.

Karatasi zikaenda Marui. Kesho yake asubuhi akapiga simu Ally, mfugaji wa mwisho kwenye orodha.

"Dada, mbona jina langu halina jibu?"

Elina akachukua nakala, akaweka rula chini ya jina la Kabula, akaisoma mpaka mwisho. Mbele ya Kabula: achinjwe, afukiwe. Akampigia baba, hapatikani. Akampigia daktari wa mifugo aliyetumwa kuchinja, hapatikani. Akapanda pikipiki mpaka Marui, kule Kisarawe, na njia nzima alimsihi Mungu daktari awe amechelewa. Haraka ile ya jana ndiyo iliyomponza, na alilijua hilo.

Alimkuta baba yake nyuma ya zizi, ndani ya shimo, anachimba. Pembeni kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa majani ya mgomba. Pembe moja ilijitokeza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekuja!" Mzee akaegemea jembe, uso ukachangamka. "Daktari kaondoka sasa hivi. Watu waliniambia nigome, ati ng'ombe mzima huyu. Nikawaambia, karatasi ile kaitengeneza Elina wangu. Mwanangu hawezi kunidanganya. Nikamshika kamba mwenyewe, asiogope."

Elina alipiga magoti kwenye udongo. Angeweza kunyamaza, baba yake asingejua mpaka kufa kwake.

"Baba, Kabula hakuwa mgonjwa. Nilikosea mimi. Mgonjwa ni wa mama Sikudhani."

Mzee hakuuliza kosa lilitokeaje. Alijishusha taratibu akakaa ndani ya shimo, jembe mapajani, Elina akawa anaona kofia yake tu.

"Sikudhani ana wajukuu," akasema. "Wanakunywa maziwa yale."

"Ndiyo, baba."

"Basi nenda kamwambie kabla hawajakamua ya jioni."

"Twende wote, baba. Tafadhali."

"Nenda wewe," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi sijamaliza kuchimba."