Sanduku Lisilo la Mtu

Siku ile mjinga alikuwa yeye fundi. Anakiri mwenyewe, wala hakushikiwa fimbo.

Fundi wa maabara ya chuo alikuwa amegeuza friji bovu kuwa sanduku la kuoteshea bakteria: balbu mbili, feni iliyong'olewa kwenye kompyuta mbovu, na kidhibiti joto cha mashine ya kutotolea vifaranga. Muhula mzima lilifanya kazi bila kelele. Tatizo ni lile sanduku lake la kwanza, lililotema cheche na kuzima taa za jengo zima wanafunzi wakiwa kwenye mtihani. Tangu hapo wahadhiri wakambandika jina la Cheche, na kila akisogelea swichi mmoja wao hujifanya anakimbia. Alicheka nao, huku moyoni akinywea.

Kisha chuo kikatangaza kupunguza watumishi: fundi asiye na ubunifu wa kuonyesha ajiandae kuondoka. Asubuhi ya ukaguzi dada yake, katibu muhtasi wa mkuu wa idara, alimpigia pasi shati na kumsihi, siku hiyo moja tu, asijidharau mbele ya wakubwa.

Kamati ya ukaguzi ikaingia maabara. Mwenyekiti akaligonga sanduku kwa kalamu, akauliza ni la nani. Nyuma mtu akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Jamani, kaeni mbali na waya."

Wakacheka. Fundi akalitupia sanduku jicho. Likigoma mbele ya hawa, si atazikwa na jina lile? Akajibu haraka kwamba si la mtu, ni vitu vya idara tu, walikuwa wanajaribujaribu.

Mwenyekiti akafungua mlango, akakuta bakteria wameota wamejaa. Akasifu. Mkuu wa idara hakupoteza nafasi: akakohoa, akapita mbele, akaeleza jinsi alivyolibuni. Fundi akasimama ukutani kama fagio.

Ijumaa akaambiwa akabidhi funguo.

Nyumbani alimwaga yote. Mkuu wa idara mwizi. Wahadhiri wale mashahidi wa wizi. Na yeye dada, aliyekuwa palepale akigawa chai, anakula mshahara kwa mwizi na anajua. Watoto wake yeye fundi sasa watakula nini? Dada alimwacha amalize, macho mekundu, bado amevaa viatu vya kazini.

"Mwizi huchukua cha mtu, mdogo wangu," akasema. "Wewe uliulizwa mbele yao, ukasema si la mtu."