Jua la Jumapili

Siku kumi na tisa mvua ilinyesha bondeni bila kupumua. Nyasi za Keziah Alderson zililala shambani zimefyekwa, zikianza kunuka uvundo. Siku ya ishirini jua likachomoza, na siku yenyewe ilikuwa Jumapili.

Keziah alisimama mlangoni akatazama mbingu. Mumewe alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, akamwachia ng'ombe sita na kipande hicho cha shamba. Bila nyasi kavu ghalani ng'ombe hawavuki majira ya baridi. Tangu utotoni alimsikia mama yake akisema nyasi hukaushwa jua likiwaka. Mjini watu waliutumia msemo huo kwa biashara, hata kwa uchumba. Bondeni haukuwa fumbo: jua likienda zake, nyasi zinaoza.

Akachukua reki. Dada yake, Tamar, alimkumbusha kwamba kengele ya kanisa ingelia muda si mrefu, kisha akachukua reki ya pili.

Watu wakaanza kupita barabarani na nguo zao nyeusi. Hakuna aliyesalimia. Mwisho akaja Septimus Alderson, baba mkwe wake, mzee wa kanisa, ambaye nyasi zake mwenyewe zilikuwa zimelala ng'ambo ya ukuta wa mawe. Akasimama langoni.

"Weka reki chini, Keziah."

"Siwezi, baba."

"Siku hii ni ya Mungu."

"Na jua ni la nani? Wiki tatu tumemwomba, kalileta leo."

Mzee alimwambia kwamba mwanawe angekuwa hai angeona haya, kisha akaenda zake. Maneno hayo yalimchoma Keziah hata asione vizuri alichokuwa akikigeuza.

Saa nane mchana wingu jeusi lilichungulia nyuma ya kilima. Nyasi zilikuwa zimekauka, lakini robo tatu bado ilikuwa nje. Wakapakia mkokoteni, farasi akapanda mteremko, wakapakua, wakarudi mbio. Viganja vya Tamar vilichubuka vikatoka damu. Radi ya kwanza ilipolia, farasi aligoma katikati ya shamba. Keziah akamshika hatamu akamnong'oneza mpaka akakubali. Mkokoteni wa mwisho uliingia ghalani matone makubwa yakiwagonga mgongoni.

Ng'ambo ya ukuta, nyasi za mzee zililowa tena. Mvua ile haikukatika siku nane. Zikaoza zikawa nyeusi kama samadi.

Juma lililofuata kanisa lilifuta jina la Keziah katika orodha ya waumini wake. Septimus ndiye aliyeisoma barua ya kumfuta mbele ya watu, na sauti haikumkwama.

Mwezi wa kumi na moja mzee aliuza ng'ombe wanne. Keziah alimpelekea salamu kwamba nyasi zipo, achukue. Akajibu kuwa hawezi kubeba nyasi za Jumapili.

Theluji ilipofunika kuta, asubuhi moja Keziah alisikia kwato uani. Mzee alikuwa amewaleta ng'ombe wake wawili waliobaki, mbavu zikihesabika. Hakuvua kofia.

"Nyasi sitaki," alisema, akitazama pembeni. "Ila hawa hawajui siku."

Keziah akafungua mlango wa zizi, akawapisha.

"Utakuja kuwakamua mwenyewe, baba?"

Mzee alimsukuma wa mwisho ndani.

"Asubuhi na jioni," akasema.