Mizimu ya Mama Fiacre

Kavira hakuruhusu neno mizimu nyumbani mwake. Tangu alipohama Butembo na kupanga nyumba katika mtaa wa Lumumba, majirani walijua: ukitaka kumuudhi yule mama wa kwaya, taja mizimu mbele yake. Atakuacha na kikombe cha chai mkononi, aende zake.

Lakini Mungu naye ana mizaha yake. Fiacre, mwanawe wa pekee, alipata kazi ya kuchimba dhahabu huko Nizi, na kwenye shimo lile neno hilo lilikuwa kama chumvi, halikosi kwenye chungu chochote. Mwenye shimo, Anaclet, ambaye wachimbaji walimwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, alilitumia kwa kila haja. Dhahabu ikikosekana, mizimu imekasirika, vijana wachange mbuzi. Mbuzi akichinjwa, mizimu inakula harufu na PDG anakula paja. Dhahabu ikipatikana, ni mizimu hiyo hiyo inayokataza watu kuuliza imekwenda wapi. Hakuwahi kuiona hata siku moja, ila alijua vizuri sana inapenda nini.

Kavira alikuwa akienda Nizi kuuza sabuni na maharagwe. Kule mwanamke haruhusiwi kukaribia mdomo wa shimo, ati mizimu ikimwona inakimbia na dhahabu yake, kwa hiyo aliuzia chini, kwenye kijito cha kuoshea mchanga. Ndiyo sababu, baada ya mvua nyingi, aliona jambo ambalo wanaume wa juu hawakuwa na haja ya kulitazama: kilima kimepata ufa mpana chini ya shimo, na maji ya matope yanatoka humo.

Alimwambia mwanawe, naye akacheka, akasema hizo ni hofu za wamama. Alimwambia Anaclet, akajibiwa kwa upole kwamba mambo ya udongo ni kazi ya wanaume. Alimwomba mchungaji amkanye kijana, na mchungaji akaliombea shimo. Sikio la kufa halisikii dawa, na hapa yalikuwa masikio ya kikosi kizima.

Kumbe dawa ilikuwepo. Asubuhi moja, vijana wakifunga taa zao kichwani ili washuke, Kavira alisimama kijitoni, akakaza kitenge chake, akapaza sauti kwamba marehemu mume wake amemjia usingizini. Mizimu ya shimo hili, alisema, haitaki mtu leo. Neno lilimchoma ulimi kama pilipili, lakini alilitamka mpaka mwisho. Wachimbaji wakavua taa mmoja mmoja. Anaclet alifungua kinywa awakaripie, kisha akakifunga. Angesema nini, yeye aliyewafundisha?

Mchana mvua ikanyesha, na kilima kikaporomoka chote ndani ya shimo. Hakufa mtu. Kavira alipiga magoti kwenye matope, akalia kwa furaha bila kuona haya.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Watu walianza kufikiri, na hapo ndipo mambo huharibika. Anaclet, aliyepoteza shimo lake, aliuliza tu, kwa upole ule ule: mtu anayejua siku ya kilima kuanguka amejulia wapi, kama si yeye aliyekiangusha? Kwaya ikamwomba Mama Fiacre apumzike kidogo. Mke wa mchungaji akaja kwa mlango wa nyuma, akitaka atazamiwe kama mume wake ana mwanamke mwingine.

Jumapili Fiacre alirudi nyumbani. Mama yake alikuwa amempikia bugali na samaki wa Mahagi-Port, lakini kijana alikaa karibu na mlango, hakunawa mikono.

"Miye nimeshiba, mama."

Kavira akaelewa, na moyo ukamuuma kuliko siku ile ya ufa.

"Fiacre, nilidanganya. Sikuota kitu. Niliona tu ile kilima iko napasuka."

"Wenye kuwa na mizimu, wote wanasemaka vile."

Mama akamega bugali, akachovya, akala mbele yake, kama mpishi anavyoonja kwanza ili kumwondolea mgeni shaka. Akatafuna, akameza. Fiacre alimtazama koo mpaka likatulia.

"Weye, mizimu haiwezi kukufanya kitu," alisema kwa sauti ya chini, maana bado alimpenda. "Iko yako."