Mizani Iliyonyimwa Ruhusa

Trela za miwa zilipanga foleni kutoka lango la kiwanda hadi barabara ya Malava, na mizani ilikuwa imegoma. Chuma chake kilikuwa kizima. Kilichokataa ni kompyuta. Kila Mildred, karani wa mizani, alipojaribu kuingiza uzito, hifadhidata ilimtemea maneno yale yale: haina ruhusa ya kuandika.

Trela ya mbele ilikuwa ya senge yake Teresa, dada wa baba yake. Shamba lake la Kabras lilikuwa limeungua, na miwa iliyoungua haingoji mtu: hukauka, uzito ukaenda zake, na ikichacha kiwanda huikataa. Teresa alisimama dirishani, masizi hadi kwenye nyusi.

"Mwanangu, hii miwa imeanza kunuka pombe. Niwapelekee wapika chang'aa?"

"Senge, nipe muda kidogo."

Bwana Lusweti, mkuu wa kompyuta, alishikilia kwamba diski imeharibika. "Tungoje fundi wa Nairobi."

Mildred alikuwa ameshafungua orodha ya faili, anatazama kila faili ni ya nani. Hifadhidata ina jina lake la kuingilia, na faili zake zinapaswa kuwa za jina hilo. Lakini hizi zilikuwa za msimamizi mkuu, yule anayeruhusiwa kila kitu.

"Stima iliporudi Jumapili, nani aliwasha hifadhidata?"

"Mimi. Kwani?"

"Uliiwasha kwa jina la msimamizi mkuu. Faili zilizotengenezwa zikawa zake. Leo nimeiwasha kwa jina lake yenyewe, inafungiwa mlango."

Lusweti alicheka kuficha aibu. "Basi wape watu wote ruhusa ya kuandika, tumalize. Husikii honi?"

Mildred aliondoa vidole kwenye vitufe. Msimu uliopita walifungulia wote hivyo hivyo, kwa haraka hii hii, na hakuna aliyerudi kufunga. Uzito wa wakulima ukakonda ndani ya mashine. Malori ya sukari yanatoka, mameneja wanabadilisha magari, na wenye miwa wanaambiwa eti hawajui kupima! Mwizi angejulikanaje, kila mtu akiwa na ruhusa?

"Siwafungulii wote. Weka neno lako la siri la msimamizi mkuu, turudishe faili kwa mwenyewe. Ni amri moja."

"Halafu mashine iandike kwamba kosa ni langu?"

"Iandike."

"Wewe msichana unakuwanga mgumu sana. Toka kwa hicho kiti."

Mildred hakutoka. Aliinamia dirisha. "Senge! Mashine ni nzima. Kinachokosekana ni neno la siri la Bwana Lusweti. Anataka tuache wazi kama msimu ule."

Honi zilinyamaza. Madereva wakashuka. Teresa akaegemeza viwiko dirishani.

"Bwana Lusweti, msimu ule miwa yangu iliingia hapa imenona, ikatokea kwa karatasi imekonda. Iliugua nini?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Wengine wakasogea karibu.

Lusweti aliandika neno la siri kwa kidole kimoja, shingo imelowa jasho. Mildred akarudisha faili, akawasha hifadhidata kwa jina lake yenyewe, akapima trela ya Teresa. Uzito uliandikwa, ukakubalika.

Teresa alikodolea macho kioo cha kompyuta. "Umepungua kwa kungoja."

"Umepungua, Senge."

"Kesho nakuja kuuangalia tena," Teresa alisema, macho kwa Lusweti. "Na kesho kutwa."