Mistari Kumi na Miwili

Ilipofika Ijumaa, siku moja kabla ya kuonyesha kazi yake, Vital alikuwa amechoka hadi kuchoka kwenyewe kulimchosha. Kwa miaka miwili alikuwa akizunguka mitaa ya Bunia na vijiji vya njia ya Iga Barrière, akiuliza swali lile lile: wakati wa vita, nani alikufungulia mlango? Majibu akayatia kwenye kompyuta. Kila nyumba ikawa nukta nyeupe. Kila undugu na kila mlango uliofunguliwa ukawa mstari. Hakuweka jina, wala kabila, wala rangi. Kila mstari ulivuta kama kamba, na nukta zisizofungwa pamoja zilisukumana, basi picha nzima ikawa inasogea taratibu kwenye kioo kana kwamba inapumua. Ilikuwa nzuri, na Vital si mtu wa kujisifu.

Nukta zilijikusanya mafungu mawili, upande huu na upande ule. Mistari kumi na miwili tu ilivuka katikati, ya watu waliowaficha watu wa ng'ambo. Hiyo ndiyo iliyoyashika mafungu yasiachane.

Alidhani akiondoa majina ameondoa watu. Mwalimu mzima wa kuchora, mzaliwa wa mtaa wa Bigo, akasahau kwamba kwao mtu hajulikani kwa jina. Anajulikana kwa watu wake. Alipowaonyesha picha wale waliomsimulia, ili waikubali, wakaanza kumjia mmoja mmoja, wakitazama nyuma. "Ile mustari yangu, uitoshe." Wiki tatu, watu kumi na mmoja. Aliifuta yote, na kila mmoja alimwapisha asimwambie mtu. Angefanya nini? Amani yao ililala jicho moja wazi, na mwezi ule ule watu watatu walikuwa wameokotwa wamekufa njiani. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hii ilikuwa imechoka.

Ijumaa ile asubuhi akaja Mama Angélique wa mtaa wa Lumumba, mjane, aliyekuwa shambani majuma yote hayo. Mstari wake ndio pekee uliobaki.

"Miye niko pale," alisema, akigusa kioo kwa kidole chenye unga wa muhogo. "Ile inazungukwa na saba. Ni watoto yangu, kila mutu na nyumba yake."

"Mama, hakuna jina."

"Jina ya nini? Shemeji yangu Mathieu atahesabu saba, ataona mustari inaenda kule ngambo, ataniuliza." Akashusha sauti. "Siku ile walikuwa wanamuzika bwana yangu, kaka yake. Régine na mutoto wake, watu wa ule upande, walikuwa ndani ya jikoni yangu, nyuma ya magunia ya makaa. Niliwapatia chakula ya kilio, ile ile tulikuwa tunakula. Mathieu ataelewa?"

Vital alitaka kumwambia kwamba kumi na mmoja wamemtangulia. Lakini alikuwa ameapa.

"Mama, nikiitosha, picha itaachana."

"Mwanangu, picha haiishi na mashemeji."

Akaufuta. Mafungu yalikaa kidogo yakiwa yametulia, kisha yakaanza kwenda, moja kulia, jingine kushoto, hadi kila moja likagota pembeni. Katikati pakabaki weusi. Mama Angélique aliutazama muda mrefu, akashukuru, akaondoka. Vital aliona uchungu uliomtia aibu: alililia picha.

Jumamosi, baada ya misa ya jioni, ukumbi wa Lumumba ulijaa. Jenereta ilinguruma nje, picha ikatupwa ukutani. Watu walikaa kama walivyozoea kukaa, upande huu na upande ule, wakatazama.

"Iko kweli," mtu mmoja akasema. "Ni vile tuko."

Vichwa vikatikisika. Vital aliwaona wote kumi na mmoja, mwalimu wa kwaya, mama wa samaki, wengine, wote wakikubali. Alitaka kukasirika, lakini hasira nayo inataka nguvu.

"Munaona?" Mathieu akasimama, mzee mrefu, kofia mkononi. "Hata mutu moja! Hakuna hata moja alivuka."

Vital akainamisha macho. Mathieu alikuwa wa nne kuja. Alificha vijana wawili wa ng'ambo kwenye zizi lake, wiki mbili tu baada ya kumzika kaka yake, na aliomba jambo moja: mke wa marehemu asijue kamwe.

Watu walipoanza kunyanyuka, Mama Angélique akamsogelea. Safari hii hakuogopa. Alikuwa na huzuni.

"Vital, jana sikukuuliza, sababu ya woga. Ule mustari ulikuwa moja tu. Kumbe muji muzima, ni miye peke yangu nilifungua mulango?"

Kuhusu majina aliapa. Kuhusu hesabu, hakuna aliyemwapisha.

"Hapana, mama. Walikuwa kumi na mbili. Wote wako humu ndani, sasa hivi."

"Ni nani?"

Akatikisa kichwa kukataa.

Mama Angélique akageukia ukumbi. Akaanza mstari wa mbele, akitazama uso mmoja mmoja bila haraka, kama mtu anayetafuta ndugu kwenye umati. Alipofika kwa Mathieu, hakusimama. Akampita, akaendelea kutafuta.